Kimepita Mikono ya Nani?

(Hotuba hii niliitoa hapa Unguja mbele ya vijana wa uchoraji, walimu, mafundi wa kuchonga na wasusi wa mikeka. Baadhi ya walioalikwa hawakuweza kufika, wakaniomba niiweke yote. Picha nilizoonesha ukutani sikuziweka. Pale palipohitaji, nimeongeza maneno ili msomaji aione kazi bila picha.)

Assalamu alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana wangu, hamjambo? Mama zangu mliotoka mashamba mkaja na ukili wenu mikononi, ahsanteni sana. Endeleeni kusuka wakati nazungumza, wala msiweke kazi chini kwa ajili yangu. Nitawahitaji kabla sijamaliza.

Nimeombwa niwazungumzie wasanii wa zama hizi ninaowapenda. Nitawataja wachache, kwa sababu kuna jambo moja tu nataka tuondoke nalo hapa, na wachache hawa wananitosha kulieleza.

Niwaulize kwanza. Ukiwekwa mbele ya kazi ya sanaa usiyoijua, swali gani linakujia? Wanafunzi wangu wote huuliza, "Mwalimu, hii ina maana gani?" Wakikosa jibu la haraka wanaondoka, na moyoni wanaona wamefungiwa mlango. Leo naomba hilo la maana lingoje kidogo. Tuulize kwanza: hiki kimetengenezwa kwa kitu gani? Na kitu hicho, kabla ya kufika kwa msanii, kimepita mikono ya nani?

Naanza na udongo.

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, na sehemu ya shule yake aliisoma Mombasa. Kijana huyu alianza na usanifu wa michoro ya kibiashara, na mwaka 1971 akaenda Uingereza kuongeza elimu yake. Huko ndiko alikokutana na ufinyanzi. Sasa sikilizeni. Mwaka 1974 akaelekezwa aende kujifunza zaidi, na mahali alipoelekezwa palikuwa Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi katika mji uliokuwa ukiitwa Abuja, ambao leo ni Suleja. Mtoto wa Nairobi avuke bahari mpaka Uingereza kutafuta elimu ya sanaa, kisha elimu yenyewe imrudishe Afrika, akakae karibu na mwanamke wa kijijini aitwaye Ladi Kwali!

Ladi Kwali alikuwa Mgwari, kabila la huko Nigeria. Ufinyanzi aliufundishwa na shangazi yake, kwa namna ya wanawake wa kwao. Hawatumii gurudumu. Chungu kinakaa pale pale, na mfinyanzi ndiye anayekizunguka, anarudi kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mwingine nje, mpaka ukuta wa chungu unapanda. Mwanamke huyo leo yumo katika noti ya naira 20. Naomba mlifikirie hilo kidogo: mfinyanzi, mwanamke, kwenye fedha ya taifa.

Odundo amebaki na njia ile ya mikono mpaka leo. Anachukua bonge la udongo, analichimba kwa ngumi, anauvuta ukuta juu, anaongeza miviringo ya udongo, anaparuza, anangoja ukauke kiasi, anaparuza tena. Haweki ile rangi ya kioo inayofanya vyombo vya dukani ving'ae. Anapaka tope laini sana la udongo ule ule, kisha anasugua. Akimaliza anasugua tena. Halafu ndipo moto. Mtungi ukichomwa kwa moto unaopata hewa ya kutosha, hutoka rangi ya machungwa, nyekundu ya udongo wetu wa bara. Ukichomwa tena moto ukanyimwa hewa, moshi huingia ndani ya udongo na mtungi hutoka mweusi. Na moto una hiari yake, kwa hiyo mara nyingine weusi na wekundu hukutana ubavuni mwa mtungi mmoja, kama mawingu.

Niliona mtungi wake kwa macho yangu London, katika Makumbusho ya British Museum. Una tumbo, una shingo ndefu iliyoinama kidogo, una mdomo uliotanuka. Ubavuni kuna vinundu vidogo, mithili ya vifundo vya uti wa mgongo wa mtu aliyeinama. Nikauzunguka. Nikarudi nikauzunguka upande mwingine. Baadaye nikatambua kwamba nilikuwa nafanya alichokifanya Ladi Kwali: chombo kimekaa, mimi ndiye ninayezunguka. Kazi ile ilikuwa imenifundisha mwendo wa mtengenezaji wake bila kunena neno.

Uingereza imempa Odundo heshima ya Dame, mwaka 2020. Vizuri, namfurahia. Lakini nauliza: ni wangapi humu ndani walilijua jina lake kabla ya asubuhi hii? Na wafinyanzi wetu wa Kikisi kule Ikombe, karibu na Matema, Ziwa Nyasa, wanawake ambao vyungu vyao vimejaa kwenye majiko ya kusini yote, nani kati yetu anaweza kumtaja mmoja kwa jina? Mimi nilipojiuliza hivyo sikuwa na hata mmoja. Hilo liwekeni akilini, nitalirudia.

La pili ni gome la mti.

Waganda wana mti wanaouita mutuba. Msimu wa mvua, fundi huubandua gome lake, hulichemsha, hulipigapiga kwa nyundo za mbao zenye mifereji, siku nzima, mpaka linakuwa kitambaa chekundu-kahawia. Mti wenyewe hufungwa majani ya mgomba ili uote gome jipya, na mwaka unaofuata hubanduliwa tena. Kitambaa hicho ndicho lubugo. Ndicho cha kumtawazia Kabaka, ndicho cha kuzikia. UNESCO waliitambua kazi hiyo mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu wote.

Michael Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, akasomea uchoraji London. Lubugo alikutana nayo katika soko la vitu vya watalii, Nairobi. Nguo ya kumtawazia mfalme imekatwakatwa vipande vya kuuziwa wageni! Wengi wetu tungepita. Yeye aliona mahali pa kuchorea. Tangu hapo amekuwa akichora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo badala ya turubai ya Kizungu. Na lubugo si nyepesi kuchorea. Ina matundu mahali palipokuwa na vifundo vya mti, ina mishono pale fundi alipoiziba, ina mabonde. Armitage haifichi hata moja. Uso wa mtu unaweza kuangukia kwenye tundu, na tundu likabaki.

Nitawaeleza kazi yake moja tu. Novemba 2014, katikati ya Nairobi, kundi la wanaume lilimvua nguo mwanamke hadharani katika kituo cha basi, eti amevaa vibaya. Wakampiga picha, picha zikasambaa kwenye simu. Wanawake wa Kenya wakaandamana barabarani, na kauli yao ikawa kwamba nguo yangu ni hiari yangu. Mwaka uliofuata Armitage akachora picha na kuipa jina la kampeni ile, #mydressmychoice. Katika picha mwanamke amelala uchi, ametupa mgongo, kwa mkao unaokumbusha picha ya Zuhura, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, iliyochorwa na Velázquez, mchoraji wa Kihispania wa karne ya 17, picha ambayo watu wa makumbusho wameisifu kwa uzuri miaka na miaka. Juu yake pamesimama miguu ya wanaume. Nyuso hazionekani, ni viatu na suruali tu.

Sasa, wewe unayetazama picha hiyo umesimama wapi? Upande wa pili wa mwanamke huyo. Duara imekamilika, na wewe umo ndani yake. Na kumbukeni hiyo picha imechorwa juu ya nini. Nguo ya heshima, nguo ya maziko, ndiyo inayombeba mwanamke aliyevuliwa nguo. Ingechorwa juu ya turubai ya dukani, hilo la pili lisingesemwa kamwe. Ndiyo maana nasema tuulize kwanza kitu chenyewe.

Kuna jambo jingine la Armitage ninalolipenda, nalo halihusu brashi. Alipopewa maonyesho makubwa Ulaya, Munich mwaka 2020 na Royal Academy ya London mwaka 2021, alitenga nafasi kwa wakubwa zake wa Afrika Mashariki: Elimo Njau wa Kilimanjaro, Theresa Musoke na Jak Katarikawe wa Uganda, Sane Wadu, Meek Gichugu, Asaph Ng'ethe Macua. Kisha akaanzisha Nairobi taasisi ya sanaa ya kisasa, NCAI, ambayo ilipofungua ukumbi wake mwaka 2022 ilianza na kazi za Sane Wadu. Mzee Wadu alikuwa mwalimu wa shule aliyeacha kazi ili achore. Watu wakasema amepata wazimu, naye akajichagulia jina la Kiingereza lenye maana ya mtu mwenye akili timamu, akaendelea kuchora. Walimu wenzangu mnacheka, lakini mnalijua hilo linavyouma.

Nakuja kwa yule ambaye ningependa zaidi tumjue sisi wa hapa, maana kuzaliwa kwake ni hapa hapa.

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba Mngazija, mama Mwingereza. Baba akafariki kwa malaria, na mtoto akiwa na miezi minne tu mama yake akarudi naye Uingereza. Mama huyo alikuwa msanifu wa vitambaa, kwa hiyo binti alikulia katikati ya nakshi na rangi za nguo. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner, iliyo kubwa kuliko zote kwa wasanii wa kisasa wa Uingereza. Alikuwa na miaka 63. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na mtu mzima kuliko wote waliowahi kuipata, kwa sababu mwaka huo ndipo waliondoa sharti la kwamba mshindi awe chini ya miaka 50. Kina mama mlioniambia mlangoni kwamba mmeshachelewa, mnasikia? Na ndiye aliyechaguliwa kuiwakilisha Uingereza katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, ya mwaka 2026.

Kazi yake ninayoitaka mwijue ni ya mwaka 2004, *Naming the Money*. Ni watu 100, kila mmoja na kimo cha mtu kamili, wamekatwa kwenye mbao nyembamba na kupakwa rangi kali, wamesimama ukumbini na wewe unapita katikati yao. Ni Waafrika waliotekwa wakapelekwa kuhudumu katika majumba ya wafalme na matajiri wa Ulaya. Wako wapiga ngoma, washona viatu, wachora ramani, wafinyanzi, waganga wa mitishamba, wacheza dansi, wafunza mbwa. Kwa mbele wamependeza kama watu walioalikwa harusini. Ukizunguka nyuma, mgongoni kila mmoja amebandikwa karatasi ya hesabu, ile ya mistari ya daftari la mfanyabiashara. Kwenye karatasi kuna maneno machache: jina lake alilopewa kwao, jina analoitwa na waliomnunua, kazi aliyokuwa akiifanya kwao, kazi anayofanyishwa sasa, na mwishoni kitu kimoja kidogo alichobaki nacho kikiwa chake.

Mara 100. Jina, jina, kazi, kazi, kilichobaki.

Ndugu zangu, sisi tunaishi kwenye kisiwa hiki. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Pale, nje ya kanisa, mmewahi kuziona sanamu za zege zilizosimama ndani ya shimo, minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Ni kazi nzito na ninaiheshimu. Kila nikipita pale najiuliza, yule wa kwanza aliitwa nani kwao? Alikuwa fundi wa nini? Alijua kupika chumvi, kufua chuma, kusuka, kuimba? Himid ametoa majibu ya kubuni, kwa sababu daftari la kweli liliandika bei tu. Na karatasi aliyoyaandikia majina ni ile ile ya hesabu, karatasi iliyowageuza watu kuwa fedha. Mnaona anavyofanya? Haendi kutafuta karatasi safi. Anaichukua ile iliyotenda dhambi, anailazimisha itaje majina.

Kanga nayo ameitumia. Mwaka 2018, pale BALTIC, Gateshead, alitundika juu vitambaa vikubwa kwa mpangilio wa kanga: pindo pande zote, mji katikati, na jina chini. Kwenye jina aliweka maneno ya washairi. Waingereza wakapita chini yake wakisoma. Mama zangu, kile ambacho ninyi mnakisoma kwenye mgongo wa jirani kila siku sokoni, yaani kwamba nguo inaweza kumjibu mtu, kumbembeleza, kumkanya bila kufungua kinywa, kimesimama katika ukumbi mkubwa wa sanaa kaskazini mwa Uingereza, kimewekwa na mtu aliyezaliwa hapa. Mimi nimeona fahari isiyo na kifani.

Nipite haraka kwa wengine wawili watatu, maana naona jua.

Msumbiji, vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha mwaka 1992 na silaha zikabaki zimefukiwa mashambani. Mwaka 1995 Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana akaanzisha mpango: lete bunduki, upewe cherehani, au baiskeli, au vifaa vya ujenzi. Bunduki zikakatwakatwa na vipande vikapelekwa kwa wasanii wa Maputo. Mwaka 2004 wanne kati yao, Kester, Hilário Nhatugueja, Fiel dos Santos na Adelino Serafim Maté, wakaunda mti mzima, mrefu kuliko mtu, majani na ndege na wanyama, wote kwa vipande vya silaha. Uko London, ukumbi ule ule wa mtungi wa Odundo. Kimepita mikono ya nani? Hapo swali linatisha, kwa sababu kila kipande kilishikwa na mtu aliyekilenga kwa mtu mwingine, pengine na mtoto. Bunduki zile hazikuundwa Msumbiji hata moja. Mti ndio ulioundwa Msumbiji.

Na Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yana uso wa mbele uliokamilika mwaka 1902, wenye vishubaka vinne vya kuwekea sanamu. Fedha ikawaishia, vikabaki vitupu miaka 117. Mwaka 2019 Mutu akaweka humo wanawake wanne wa shaba, wameketi, wamevikwa mizunguko ya shaba kutoka shingoni mpaka miguuni, na kila mmoja ana kisahani kinachong'aa usoni au kichwani. Wanawake katika sanaa ya kale, ya Ulaya na ya kwetu pia, wamechongwa sana wakibeba: wamebeba paa, wamebeba kiti cha mfalme. Hawa wanne hawabebi kitu. Wamekaa.

Sasa nawageukia ninyi, mama zangu. Nilisema nitawahitaji.

Mwaka 2022 Uganda ilishiriki Venice na ikatajwa kwa heshima na waamuzi. Mmoja wa wasanii wake wawili, Acaye Kerunen, kazi zake zimejengwa kwa ususi wa wanawake wa Uganda: mikeka, vikapu, nyuzi za mgomba, miyaa. Ananunua, anafumua, anaunga upya, anatundika. Ukisimama mbele yake unaona msanii mmoja, na nyuma yake mikono mingi.

Ukili mnaousuka hivi sasa umechumwa na nani? Ukindu umeanikwa na nani, umetiwa rangi na nani, na mshonaji atakayeunga mkeka ni nani? Ninyi mnajua. Mnajua mpaka mkono wa msusi kwa kutazama pindo lake. Lakini mkeka huo ukifika kwenye maduka ya Mji Mkongwe, unakuta karatasi ndogo iliyoandikwa bei kwa dola. Bei tu. Nimetoka kuwaeleza daftari lililoandika bei tu. Najua mkeka si mtu, na silinganishi mateso yale na biashara hii. Nasema kwamba mazoea ya kuandika bei na kuacha jina tunayo bado, na hili linaweza kuanza kuondoka leo, humu ndani.

Kwa hiyo nina ombi la kazi. Pale mezani karibu na mlango nimeweka vikaratasi vya kufungia kwenye mikeka na vikapu, na vijana wa uchoraji wamejitolea kuandika kwa hati nzuri. Mama akubaliye aje na kazi yake aseme: jina langu fulani, wa kijiji fulani, ukindu kachuma fulani, rangi katia fulani. Majina yote yaandikwe, hata yakiwa matano, hata karatasi ikijaa mbele na nyuma. Asiyetaka jina lake litajwe, tumheshimu. Wenye maduka waliomo humu, na nawaona wawili, naomba msizing'oe.

Na vijana, baada ya hapo sitaki mniulize maswali mimi. Kila mmoja akae na fundi mmoja, mchongaji au msusi, amuulize amejifunza kwa nani, na huyo alijifunza kwa nani, mpaka jina la mwisho analolikumbuka. Yaandikeni mlete shuleni Jumatatu.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Bi mkubwa uliyekaa mbele na mkeka wa rangi ya zambarau, tafadhali tuanze na wewe.